Mgongo wa Picha ya Bibi Sekela

Bi harusi alikuwa amesimama ukutani.

Namaanisha hivyo hivyo nilivyosema. Nyayo zake ziligusa ukuta wa kushoto, kichwa kimeelekea ukuta wa kulia, na shela lake linaning'inia upande bila aibu. Bwana harusi kalala chini yake, anatabasamu. Upepo wa siku ile, ambao ulipaswa kutupuliza usoni, ulikuwa unashuka kutoka darini. Na Gwamaka, mwenzangu wa kazi, ambaye huyo bi harusi ni dada yake wa damu, alikuwa amekaa sakafuni katikati ya Nyumba ya Marejeo akicheka mpaka machozi yanamtoka.

"Atu," alisema, "shemeji yangu anamulikwa jua tundu za pua."

"Inuka tufanye kazi."

"Niinuke niende wapi? Humu ndani juu ni wapi na chini ni wapi?"

Nilijua kosa liko wapi kabla hajamaliza kucheka, na ndiyo maana nilikasirika. Kosa la mtu mwingine huchekesha. Hili lilikuwa langu.

Picha ina uso na mgongo. Uso ni rangi, yaani kile unachokiona. Mgongo ni maandishi yanayosafiri ndani ya faili bila kuonekana: siku, saa, mahali, kimo cha mahali hapo, simu ilitazama upande gani, ilishikwa wima au ililazwa. Jina tumelirithi kwa watu wa picha za karatasi, waliokuwa wakiandika kwa kalamu nyuma ya picha nani, wapi na lini, na chini yake neno Ukumbusho. Nyumba ya Marejeo huusoma mgongo, hutafuta katika kumbukumbu za hali ya hewa saa ile pale mahali kulikuwaje, kisha hukujengea: baridi yake, mwanga wake, upepo wake, hata harufu ya udongo. Unaingia ndani ya picha na sweta lako. Ila ukiipa picha isiyo na mgongo, inaitundika ukutani kama kalenda. Kisheria hiyo si picha tena. Inaitwa mchoro, na mchoro hauingizwi kwenye sherehe.

Mwaka ule, 2091, Nyumba ya Tukuyu ilifungiwa mashine mpya ambazo hazisomi muundo wa zamani wa picha. Mimi na Gwamaka ndio tuliotengeneza Vusha, programu ya simu ya kuzihamisha. Unachagua picha, programu inaifungua, inazichukua rangi zake, inazifunga upya katika muundo mpya. Rangi zinavuka zenyewe. Mgongo hauvuki wenyewe hata siku moja. Lazima uuchukue kwa mkono, uushike pembeni, kisha uubandike upande wa pili. Vusha ilikuwa inaisimamisha picha wima, halafu inabandika mgongo wa zamani kama ulivyo, na mgongo wa zamani bado unasema "nigeuzeni". Nyumba, kwa utiifu wake, inaigeuza mara ya pili. Ndiyo sababu dada yake Gwamaka alikuwa anatembea ukutani.

Dawa yake ni mstari mmoja tu: nakili mgongo wote, lakini mahali pa mkao andika "wima". Nikasema kwanza nihakikishe tatizo liko hapo kweli. Nikauzima mstari unaonakili mgongo, kwa muda tu. Nikajaribu tena. Bi harusi akasimama kwa miguu yake, ingawa sasa ni picha bapa ya kalenda. Majaribio yote, yanayopima mkao tu, yakaonyesha kijani, yaani yamepita.

Saa nne na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, nilikwenda kunywa chai.

* * *

Nisingependa kuisimulia sana ile chai. Ilikuwa na maziwa, na mbalaga, ndizi zetu zilizopikwa na nyama, na mvua imeanza, na mwenye hoteli akaanzisha habari ya mtoto wake aliyefaulu. Nikakaa saa nzima. Huku nyuma Gwamaka akaona kijani, akaamini nimemaliza, akafungua foleni. Picha arobaini na moja zilizokuwa zinasubiri zikavuka kwa dakika mbili. Nyuso zote zilifika salama. Hakuna mgongo hata mmoja uliofika.

Niliporudi nikaona. Kisha nikaanza kuwapigia watu simu. Arobaini kati yao walikuwa na nakala, wakatuma upya, wengine wakaniombea heri kabisa kwa kuwajulisha mapema. Wa arobaini na moja sikumpigia.

Ilikuwa picha ya muhuri.

Kwa asiyezijua arusi za muhuri za kwetu Rungwe, zilianza miaka ya 2030, watu walipochoka kuolewa mbele ya simu mia tatu. Wageni waliacha simu kwenye kikapu mlangoni. Picha ilipigwa moja tu, na mgongo wake ukafungwa kwa kufuli ambalo hufunguka lenyewe baada ya miaka hamsini, siku ya kumbukumbu, mbele ya watu, Msomaji wa wilaya akausoma kwa sauti. Picha ya namna hiyo haitolewi nakala. Ikitoka kwenye simu ya mwenyewe, inafutika kule ilikotoka. Sisi tulipaswa kuuvusha mgongo ukiwa umefungwa vilevile, kama mzigo usiofunguliwa.

Hii ilikuwa ya Bibi Sekela na Babu Andongwisye wa Ikuti. Sherehe yao ya miaka hamsini ilikuwa Jumamosi. Na Rungwe nzima ilikuwa inaingoja kwa sababu ya ubishi.

Katika picha ile wanaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, ukuta mweupe nyuma yao. Bibi Sekela amefumba macho anacheka, kinywa wazi, mkono wake umeshika kola ya mumewe. Nywele zake zinang'aa. Babu anasema zile ni mafuta na jua: picha ilipigwa saa nne asubuhi, nje ya kanisa, jua lilimwingia machoni akapiga chafya tatu mfululizo, mke wake akacheka. Bibi anasema zile ni mvua: ilikuwa saa tisa alasiri, nyumbani kwa wakwe, kiatu cha kuazima kilinasa kwenye tope na Babu akaja mbele ya mpiga picha na soksi moja. Wamebishana hivyo miaka hamsini. Waliohudhuria waligawanyika nusu kwa nusu, na waliobaki hai bado wamegawanyika. Jibu lilikuwa kwenye mgongo. Kwenye mgongo peke yake.

"Hakuna popote?" Gwamaka aliuliza. Hakuwa anacheka tena.

"Nimetafuta kwenye seva, kwenye simu, kwenye takataka zote. Hakuna."

Akaketi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, "Sisi ndio tunaofunga mihuri mipya, Atu. Tarehe tunaijua. Mahali ni pawili tu. Saa ni mbili tu. Ukiandika mojawapo, una nusu ya kuwa mkweli."

"Na nusu nyingine?"

"Nani atajua?"

Swali lile nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe. Nani angejua? Mimi.

* * *

Ijumaa asubuhi mlango wa ofisi uligongwa kabla sijavua koti. Alikuwa Babu Andongwisye, mwavuli mkononi, kofia imelowa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Upo peke yako?"

Nikamkaribisha kiti. Nikadhani amekuja kuuliza, na nikajiambia akiuliza namwambia hapo hapo. Hakuuliza. Alitazama dirishani, akakohoa, akavuta kiti karibu.

"Ile picha yetu. Wewe ni mtaalamu. Huwezi kuchungulia mgongo wake?"

"Umefungwa, Babu. Hata mimi siwezi."

"Lakini unaweza kuandika mwingine."

Nikaangalia mwavuli wake unavyochuruzika.

"Nisikilize. Najua niko sahihi. Ile chafya nilipiga mimi, pua ni yangu. Kesho mgongo utasema saa nne, jua, nje ya kanisa, na watu wote watamcheka mke wangu." Akaanza kuzungusha kofia mikononi. "Ana miaka sabini na nne. Sitaki acheke wengine wakimcheka. Kama utasema jua, mwanangu, ubadilishe uwe mvua. Mimi nitashindwa. Nimejiandaa kushindwa. Nimeshazoeza hata uso."

Akanionyesha uso huo. Ulikuwa uso wa mtu aliyekanyagwa kidole, na kwa sekunde moja nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Aliondoka akiniambia *ndaga fijo*, ahsante sana, kabla sijaahidi lolote. Nilibaki nimekaa. Mlango ulikuwa umefunguka wenyewe mbele yangu. Niandike mvua. Kosa langu lingefukiwa, Babu angepata alichokiomba, Bibi angeshinda mbele ya watu mia tatu, mashine ingenyesha, wapiga vigelegele wangepiga. Sikuona mtu hata mmoja ambaye angeumia. Hilo ndilo lililonitia hofu. Nilifungua programu ya mihuri, nikaandika tarehe. Nikaandika Ikuti. Nikaandika saa tisa. Kidole kikakaa juu ya kitufe.

Nikakifunga kila kitu, nikachukua koti, nikamwambia Gwamaka nakwenda Ikuti.

"Kufanya nini?"

"Sijui. Nikifika nitajua."

* * *

Bibi Sekela alikuwa jikoni nje, na wanawake wawili wa jirani, wanamenya ndizi za sherehe. Mabeseni matatu yamejaa tayari. Aliponiona aliinuka na kisu mkononi akanikumbatia nacho.

"Mtu wa picha! Njoo ukae. Umekula?"

"Nimekula, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hujala, unaonekana." Akanipa kisu kingine. Kwa Bibi Sekela mgeni hakai bure.

Nikamenya. Utomvu wa ndizi ulinipaka vidole vyeusi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, naye akawa ananisimulia jinsi alivyoshona kitenge cha kesho mara mbili kwa sababu fundi wa kwanza alimpima akiwa amevaa sweta. Wanawake wa jirani walipokwenda kuchota maji, akapunguza sauti.

"Mjukuu wangu, nikwambie kitu usimwambie yule mzee. Kuna siku nafikiri yeye ndiye mkweli."

"Kuhusu jua?"

"Kuhusu jua. Naamka, najaribu kuikumbuka ile mvua, naona jua. Kesho yake naona mvua tena. Sijalala vizuri wiki nzima." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka sana. "Nataka kujua. Hata nikiaibika. Nataka mgongo uniambie kilichonichekesha siku ile. Nilicheka hivi, hebu fikiria, kwa kitu gani? Nimezeeka sasa, nataka kujua kitu gani kilinifurahisha kiasi kile."

Nikaweka kisu chini.

Babu Andongwisye alikuwa anaingia na mganda wa majani ya migomba. Nikaona heri awepo.

"Mgongo hautawaambia," nilisema. "Haupo. Nimeufuta mimi."

Nikawaeleza yote, bila kujipamba: mstari niliouzima kwa muda tu, chai, foleni, picha arobaini na moja. Nikawaambia hakuna nakala. Nikawaambia pia ningeweza kuandika mwingine na wasingegundua kamwe, na kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeshaanza kuuandika. Sikusema nani aliniomba. Babu alikuwa anaangalia majani yake.

Bibi Sekela alianza kumenya ndizi nyingine. Kisha akalia. Alilia kimya kimya, ndizi mkononi, na nikajua kwamba hakuna jambo nililowahi kulivunja lililokuwa na uzito ule. Nilisema samahani. Neno likawa dogo mno, nikalirudia, likazidi kuwa dogo.

"Miaka hamsini," alisema hatimaye. "Nimeingoja miaka hamsini, na wewe ukaenda kunywa chai."

"Ndiyo, Bibi."

"Chai ya nani?"

Nikamtajia hoteli.

"Hata chai yenyewe si nzuri pale," akasema, akapangusa pua kwa kiganja cha mkono. Babu akatoa sauti ndogo. Niliinua macho nikaona mabega yake yanatikisika. Bibi akamgeukia kumkemea, akashindwa, naye akaanza kucheka. Wakacheka wote wawili huku machozi ya Bibi bado yanatiririka, na mimi katikati yao sijui niweke wapi mikono yangu.

"Kwa hiyo," Babu alisema alipopata pumzi, "hakuna aliyeshindwa."

"Jua lako halipo kwenye maandishi," Bibi akamwambia.

"Na mvua yako haipo."

"Ilinyesha."

"Liliwaka, mama."

Wakatazamana. Sijui walichoambiana kwa macho, ila Bibi aliirudia ndizi yake akaendelea kumenya kwa nguvu mpya. "Uandike kama tulivyosema," aliniagiza bila kunitazama. "Yeye alivyosema, na mimi nilivyosema. Usituchagulie."

"Mgongo una nafasi moja ya saa, Bibi. Nafasi moja ya mahali."

"Nani aliyeutengeneza huo mgongo?"

"Watu."

"Basi ongeza nafasi. Na ukimaliza hapo kuna beseni la nne."

* * *

Nilifanya kazi alasiri ile yote. Kwanza nikautengeneza ule mstari vizuri, kwa aibu na kwa uangalifu: soma mgongo wa zamani, ushike, funga rangi, bandika mgongo, sehemu ya mkao andika wima, halafu usome tena ulichobandika ukilinganishe na cha kwanza. Faili la zamani lisifutwe mpaka viwili hivyo vilingane. Ni mistari kumi na moja. Ningeiandika Alhamisi kwa dakika ishirini.

Kisha nikaandika mgongo mpya wa picha yao. Nikaongeza mahali ambapo hapajawahi kuwapo, pa kuonyesha habari imetoka wapi: kwenye chombo, au kwa mtu. Nikaandika mtu. Nikaweka saa mbili, mahali pawili, mashahidi wawili kwa majina. Mwisho wa kila mgongo kuna sehemu ya mabadiliko ambayo watu wa kazi yetu huiacha tupu, maana nani anapenda kujitia hatiani? Nikaijaza.

Hatukuweza kuujaribu. Ukumbi ulikuwa umeshapambwa, na mafundi wa jukwaa hawakutaka kutuona.

Jumamosi saa nane mchana Nyumba ya Marejeo ilijaa mpaka kwenye ngazi. Sikujificha, ingawa Gwamaka alinishauri niketi karibu na mlango. Msomaji Bupe, mama mrefu mwenye miwani ya kamba ambaye amesoma migongo ya wilaya nzima tangu sijazaliwa, alisimama mbele. Uso wa picha ulikuwa umetandazwa nyuma yake, mkubwa kama nyumba, Bibi Sekela wa miaka ishirini na minne anacheka.

Akasoma kwa sauti yake ya mahakama. Tarehe. Kisha akatua, akasogeza miwani.

"Habari inayofuata haikutoka kwenye chombo. Imetoka kwa watu. Saa: Andongwisye anasema saa nne asubuhi. Sekela anasema saa tisa alasiri. Mahali: Andongwisye anasema nje ya kanisa, Tukuyu. Sekela anasema nyumbani kwa wakwe, Ikuti."

Minong'ono ikaanza. Nikatazama viatu vyangu.

"Mabadiliko," aliendelea. "Mgongo wa asili ulifutwa Alhamisi na Atuganile Mwakalobo, mtengenezaji wa programu, aliyeuzima mstari wa kuunakili kwa muda tu, kisha akaenda kunywa chai. Haukupatikana tena. Haya yaliyoandikwa hapa ni yale yanayojulikana, hayakuongezwa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Sikutegemea kicheko. Mtu akapaza sauti kuuliza kama nilikunywa na maandazi. Masikio yaliniwaka moto, na bado nilijisikia mwepesi kuliko nilivyojisikia siku mbili nzima.

Msomaji Bupe aliinua mkono, wakanyamaza. Sasa ilikuwa zamu yake kusema neno lililokuwa limeninyima usingizi: picha, au mchoro. Aliirudia karatasi yake kutoka juu mpaka chini bila haraka yoyote.

"Sheria inasema kisicho na mgongo ni mchoro," alisema. "Hiki kina mgongo. Una mapengo, na umeyataja mapengo yake. Wenye arusi, mnayakubali yaliyoandikwa?"

"Yangu tu," akasema Bibi Sekela.

"Na mimi yangu tu," akasema Babu.

"Ni picha," Msomaji akasema, akakaa chini.

Mashine ilisita. Nilihesabu sekunde sita, na katika hizo sita nilizeeka. Ilikuwa imepewa saa mbili za siku moja, na hakuna aliyeifundisha kuchagua. Ikaenda kwenye kumbukumbu zake za hali ya hewa na kukuta jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: siku ile asubuhi Tukuyu jua liliwaka, na alasiri Ikuti mvua ilinyesha. Wote wawili walikuwa na siku yao. Kwa hiyo ikaleta vyote.

Kwanza ulikuja mwanga, kutoka upande wa mashariki, wa manjano, wa mshazari kama jua la saa nne wakati wa kipupwe. Ukatupiga mashavuni. Halafu, katikati ya mwanga huo huo, kutoka darini yakashuka manyunyu, baridi, halisi, na harufu ya tope la Ikuti ikajaa ukumbi. Kila tone lilikuwa linang'aa. Mama mmoja nyuma alipiga kelele kwamba mahali fulani simba anazaa, kama watu wanavyosema mvua inaponyesha na jua likiwaka. Vigelegele vikaanzia kwake vikaja mbele, vikanipita, na watu walikuwa wanavua viatu, wengine wamefungua mikono, vitenge vyao vimelowa, na Gwamaka amesahau kabisa kwamba ni mashine yetu, ametazama juu mdomo wazi anayanywa manyunyu.

Nilikwenda kuwasalimia wenye arusi. Walikuwa wamesimama chini ya nyuso zao wenyewe, wameshikana mikono. Babu Andongwisye alipoona nakuja aliinamisha kichwa.

"Hukufanya nilivyokuomba," alisema.

"Hapana, Babu."

"Alikuomba nini?" Bibi akauliza.

Hiyo haikuwa yangu kuisema. Babu akahangaika na kofia yake, maji yanamchuruzika puani, kisha akageuka kumwelekea mke wake na kusema yote: alivyokuja ofisini na mwavuli, alivyojiandaa kushindwa, hata ule uso alioufanyia mazoezi. Akamfanyia. Mvua ikimnyea, jua likimmulika, ulikuwa mbaya zaidi kuliko Ijumaa.

Bibi Sekela alimnyang'anya kofia.

"Ulitaka kunihurumia?"

"Nilitaka ufurahi."

"Andongwisye," alisema, "miaka hamsini nabishana na wewe kila Jumapili. Ulidhani nilikuwa nafanya nini, kama si kufurahi?"

Kinywa cha Babu kilifunguka kikabaki hivyo. Bibi akachukua ncha ya kitenge chake kipya, akampangusa uso taratibu, paji, macho, pua ile aliyodai ndiyo iliyopiga chafya, na alipomaliza akamwambia tena kwamba siku ile ilinyesha.